KUCHOMOA PLAGI HAKUTOSHI



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, fundi wa stima, alichukua likizo akaenda kwao Garsen kuwaona wazee wake. Amerudi na mkono wa kulia ulioshonwa nyuzi, na vidole viwili ambavyo mpaka leo haviwezi kukamata spana. Hakuumia karakanani wala njiani. Aliumia jikoni, katika hoteli moja ya njia panda ya Minjila, akitengeneza maikrowevu ambayo plagi yake ilikuwa imekwisha chomolewa, na waya umeviringishwa juu ya meza kila mtu akiuona.

Jina lake hatulitaji, kwa kuwa ndivyo alivyotuomba, na hoteli ile pia hatuitaji. Lakini habari yenyewe ametupa ruhusa tuiandike yote, maana anasema laiti angaliisoma mahali kabla ya safari, asingaliingiza mkono.

Wako watakaouliza, reli na Garsen wapi na wapi? Ni kweli, gari moshi halijafika Mto Tana, na ile reli ya kutoka Lamu tunayoisikia miaka mingi ingali katika karatasi. Lakini wanachama wetu wanatoka huko, na fundi akienda likizo hawezi kuuacha ufundi wake stesheni. Akishuka tu kwenye basi huletewa redio, pasi na jokofu, kabla hajanywa chai. Zaidi ya hayo, mashine za namna hii zimo siku hizi katika kantini tunazokula sisi wenyewe, na nyapara haoni haya kumwambia fita, "Wewe si fundi? Hebu ifungue uitazame."

Mwenzetu aliitwa na mwenye hoteli, mzee anayejuana na baba yake. Mashine ilikuwa ya aina tatu kwa moja: inapasha kwa mawimbi, ina grili juu ya kuchoma, na nyuma ina feni yenye koili ya hewa moto kama tanuri ya mkate. Grili ilikuwa ikiwaka, feni ikizunguka, ila mawimbi hayapashi kitu. Mzee akasema, "Mwanangu, umekuja wakati mzuri. Basi la Lamu lafika saa saba na abiria wataka pilau ya moto." Mwenzetu akachomoa plagi, akafungua bati, akaingiza mkono kuvuta waya mmoja uliokuwa kwenye kapasita. Hakuambiwa kwamba dakika chache kabla hajafika kijana wa jikoni alikuwa akiijaribu tena na tena.

Stima iliyobaki ndani ilimpiga. Haikumwua. Lakini mkono uliruka nyuma wenyewe, ukapita juu ya ukingo wa bati, na bati lile ni kali kama wembe. Lilikata mshipa unaovuta vidole. Alipelekwa hospitali kwa pikipiki, kitambaa cha meza kimefungwa mkononi. Malipo yake yalikuwa shilingi mia tano na sahani ya pilau ambayo hakuila.

Sasa tueleze ilikuwaje mashine iliyochomolewa ikapiga, maana mafundi wengi wazuri, waliozoea pasi na feni, hawalijui jambo hili.

Wanachama waliofanya kazi chini ya mabehewa watalielewa upesi. Injini ikikatwa kutoka kwenye gari, je, breki imekwisha nguvu? La. Chini ya kila behewa mna mtungi wa hewa, na hewa ile hubaki humo injini ikiwa imekwisha kwenda zake. Fita hatii mkono kwenye breki mpaka avute valvu aisikie hewa ikitoka yote. Asiyeivuta siku moja ataacha vidole pale. Basi kapasita ya maikrowevu ndiyo mtungi ule. Plagi ndiyo injini. Kuikata injini hakumwagi hewa.

Ndani ya bati mna transfoma nzito. Huichukua stima ya ukutani, volti 240, ikaipandisha kufika kama volti 2,000. Kapasita na dayodi huipandisha tena, ikafika karibu volti 4,000, ndipo iingie katika magnetroni, kile chombo chenye sumaku na mapezi ya bati kinachotoa mawimbi. Magnetroni ni chombo cha rada ya wakati wa vita. Mwaka 1945 Percy Spencer, mtu wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, aliona peremende mfukoni mwake imeyeyuka alipokuwa karibu nacho, na mwaka 1947 majiko ya kwanza yakaanza kuuzwa, marefu kama mtu na yenye uzito wa zaidi ya kilo 300. Leo jiko hilo hubebwa kwapani, lakini stima iliyo ndani yake si ya kwapani.

Na hapa pana jambo tunalotaka lishikwe sana. Jiko zima likizimwa, magnetroni huwa imekwisha meza sehemu kubwa ya stima. Jiko bovu, ambalo magnetroni yake imekatika ndani, ndilo ambalo kapasita yake huenda imejaa pomoni, kwa sababu hapakuwa na wa kuimeza. Kapasita nyingi zina rezista ndogo ndani yake ya kuimwaga stima polepole, na ikiwa nzima kazi hiyo huisha kwa dakika moja hivi. Lakini rezista hiyo hufa kimya kimya, wala kwa nje hakuna alama. Kwa hiyo mashine inayoletwa kwa fundi ndiyo mashine ya kuogopwa. Mwenzetu alidhani kwa kuwa haipashi, haina kitu.

Fundi afanyeje basi? Twaandika kama tulivyofundishwa na wazee wetu wa kazi ya stima, na kama watengenezaji wa mashine hizi wanavyoagiza.

Chomoa plagi, uiweke mbele ya macho yako, uifunge na kitambaa chekundu. Katika kazi yetu bendera nyekundu iliyowekwa na fita huondolewa na fita yule yule, si na karani wala mpita njia. Jikoni mwa hoteli kuna watu wengi wenye haraka, na mwenye haraka huchomeka kwanza kisha akauliza. Ngoja dakika tano. Vua saa, pete na bangili. Simama mahali pakavu, na mkono wako mmoja uwe nyuma ya mgongo, ili stima ikipita isipate njia ya kuvuka kifua kutoka mkono mpaka mkono. Kisha, kabla hujagusa kitu chochote, chukua waya wenye rezista nene ya ohmu elfu kumi mpaka laki moja, si ile ndogo ya redio, iliyofungwa kwenye kipini kirefu kikavu cha plastiki, uunganishe meno mawili ya kapasita, uhesabu mpaka kumi. Halafu kila jino uliunganishe na bati la mashine. Kisha pima kwa mita. Ikisoma sifuri, gusa tena meno yote mawili pamoja kwa bisibisi yenye mpini mzuri wa plastiki. Sasa ndipo mkono uingie. Ukienda kunywa chai ukarudi, mwaga tena, maana hujui nani alipita.

Wengine humwaga kwa bisibisi peke yake tangu mwanzo. Hutoa mlio kama risasi, hung'oa ncha ya bisibisi na huweza kuiharibu kapasita. Ni afadhali kuliko kidole, lakini si kazi ya fundi anayejiheshimu.

Usipime kamwe stima ile kubwa mashine ikiwa inawaka. Mita tunazonunua madukani mwisho wake ni volti 600 au 1,000, nayo ikipewa 4,000 hupasuka mkononi. Na transfoma ikiwa inawaka haipigi mara moja ikaacha kama kapasita. Yenyewe hushika, tena huua. Wala hapana haja. Upande ule wote waweza kupimwa kwa ohmu plagi ikiwa nje. Waya mwembamba wa ndani ya magnetroni usome chini ya ohmu moja, na kati ya waya huo na bati lake pasiwe na njia kabisa. Ukisoma njia, magnetroni imekufa. Dayodi haipimiki kwa mita ya kawaida peke yake, yataka betri ya volti 9 isaidie, na wengi wametupa dayodi nzima kwa kutojua hilo. Magnetroni yenyewe usiivunje kutazama iliyomo. Baadhi yake zina kauri ambayo unga wake ukivutwa huharibu mapafu, wala hapana dawa ya kuyarudisha.

Tuje kwenye mlango, maana huku ndiko kwenye dhambi kubwa zaidi, na wanaoumia si mafundi bali wapishi.

Mlango una swichi tatu. Mbili hukata stima mlango ukifunguliwa. Ya tatu ni mlinzi wa hizo mbili: ikiwa zimekwama zisikate, yenyewe huunguza fyuzi makusudi ili mashine ife. Kwa hiyo fyuzi ikiungua kila mara mlango unapofunguliwa, fyuzi haina kosa. Imefanya kazi iliyoandikiwa. Fundi wa haraka huiona kuwa dhaifu, akatia uzi wa shaba au karatasi ya sigara, na mashine ikawaka, na mwenye mashine akafurahi. Amemwua mlinzi ili asipige kelele.

Tumeyaona haya kwa macho yetu. Katika kantini moja wanayokula wafanya kazi tulikuta swichi za mlango zimefungwa kwa waya, na jiko likiunguruma mlango ukiwa wazi upana wa kidole. Dada anayepika pale alituambia limekuwa hivyo tangu Ramadhani, na kwamba aliposema, aliambiwa kama hataki kazi wapo wanaoitaka. Mawimbi yale hupika nyama bila kuuliza ni ya nani. Jicho ndilo la kwanza kuogopewa, kwa sababu kioo chake cha ndani hakina damu ya kuondoa joto. Kipimo kinachokubaliwa na mataifa mengi ni kwamba uvujaji usizidi miliwati 5 kwa kila sentimita mraba, ukipimwa sentimita 5 kutoka mlangoni. Chombo cha kupimia kipo, lakini Garsen hatujamwona fundi aliye nacho. Basi neno letu ni hili: mlango uliopinda, bawaba iliyolegea, au bati la ndani lililotobolewa na kutu, fundi wa Garsen akatae. Si kwamba hajui kuunyosha. Ni kwamba hana njia ya kujua kama umenyooka, naye atakayesimama mbele yake kila siku ni mama wa watu.

Kutu tumeitaja kwa sababu huko si Nairobi. Bonde la Tana lina unyevu, na mto ukifura hauchagui nyumba. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yaliingia majumbani na madukani, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika pale Lango la Simba. Maji yakiondoka, watu huanika magodoro na mashine juani, kisha huchomeka. Lakini koili ya grili ni bomba la chuma ambalo ndani yake mna unga mweupe unaoshika waya usiguse bomba, nao unga huo hunywa unyevu kama chumvi. Koili ikinywa maji, stima hupita kutoka waya mpaka bati, na mpishi akigusa mlango kwa mkono wenye maji hupigwa. Jua la siku moja halitoshi. Lazima ipimwe kwa mega, ile mita ya kupima kama stima inavuja, na waya wa ardhi upimwe kutoka jino la plagi mpaka bati la mashine, mita isome karibu na sifuri. Nasi tumeona hoteli ambazo soketi yake ina matundu matatu lakini la ardhi halina waya nyuma.

Mashine hizi za aina tatu kwa moja zina mtego mwingine unaowapata mafundi waliozoea maikrowevu ya kawaida. Nyuma ya kuta zake joto hupita digrii 200. Waya ulioungua karibu na koili ukibadilishwa kwa waya wa kawaida wa plastiki, utafanya kazi wiki moja, kisha plastiki itayeyuka na shaba itakaa wazi. Hapo pataka waya wenye nguo ya nyuzi za kioo au silikoni. Kadhalika kile kidude kidogo kinachokata stima joto likizidi, kikikata mara kwa mara, fundi hukiruka kwa kipande cha waya. Huenda kikakata kwa sababu feni imejaa mafuta ya sambusa. Kusafisha feni ni robo saa. Na usitegemee kwamba ukiwa kwenye grili upande wa mawimbi umelala: swichi iliyoshikana yaweza kuuamsha bila wewe kujua.

Zipo kazi zisizo na hofu. Karatasi ya maika iliyo ukutani ndani, ikijaa mafuta hutoa cheche. Isugue au uweke mpya. Taa, sahani inayozunguka, feni iliyojaa vumbi, hizo ni kazi za kawaida, mradi bati likifunguliwa kapasita imwagwe kwanza hata kama huna haja nayo. Ukimaliza, usiiwashe tupu. Tia lita moja ya maji, pima joto lake, washa mawimbi dakika moja kamili, koroga, pima tena. Kila digrii iliyoongezeka ni kama wati 70. Zikiongezeka 10, una wati 700, na mwenye mashine ataona mwenyewe kwamba hukumdanganya.

Mtu akipigwa, usimshike. Kata stima kwanza, au msukume kwa mti mkavu. Asipopumua, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na upesi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Hata akiinuka na kucheka, apelekwe kwa daktari, maana moyo waweza kuchelewa kulalamika. Kutoka Garsen mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo gari itafutwe mapema.

Twajua yatakayosemwa. Maji ya Mto Tana yanazungusha mitambo ya stima ya Kindaruma tangu ilipofunguliwa mwaka 1968, ikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, na ndugu zetu walioko chini ya mto huo huo walikaa na koroboi miaka mingi baadaye, mpaka zikajengwa nyaya kubwa za volti 220,000 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen kwenda Lamu. Sasa stima imefika, na mashine kuukuu zinashuka kutoka Mombasa juu ya mabasi. Je, tuwaambie mafundi wa Garsen wasiziguse, wafe njaa? Hatusemi hivyo. Kijana mwenye bisibisi na akili ana haki ya kula kwa ufundi wake, na mwenye hoteli hana fedha za kununua mashine mpya kila mwaka. Lakini bei ya kutengeneza lazima iwe na bei ya dakika tano za kungoja, ya rezista, ya mita na ya fyuzi ya kweli. Shilingi mia tano na basi la saa saba havina nafasi ya vitu hivyo. Aliyemharakisha mwenzetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na abiria.

Kwa waajiri wetu tuna neno jingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi aarifu hatari kubwa, nayo inamkataza mwajiri kumrudisha mahali pale kabla ya hatari kuondolewa, wala asimfukuze kwa sababu aliondoka. Dada wa kantini hakuijua. Sasa anaijua, na jiko lile limetiwa stoo. Ajali ya kazini inayomjeruhi mtu lazima iandikwe kwa ofisa wa usalama katika siku 7, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, ndiyo ya kudai malipo. Lakini nyapara anayemwambia fita "hebu itazame" hamwandikii kazi hiyo kwenye karatasi yoyote, na siku ya ajali husema hakumtuma. Kwa hiyo twasema wazi: hakuna mwanachama atakayefungua jiko la kantini bila amri ya maandishi yenye jina la aliyetoa.

Mwenzetu wa Garsen hana pa kudai. Hakuwa kazini kwake, na mwenye hoteli hakumwandika kazi. Tawi limemchangia nauli za hospitali, na daftari lingali wazi kwa katibu kwa wale ambao bado.

Katika mkutano uliopita tawi lilikubali kununua fimbo moja ya kumwagia kapasita, mita moja na mega moja, wanachama waazime bila malipo hata wakiwa likizo. Fimbo na mita zimekwisha nunuliwa; mega itanunuliwa mwisho wa mwezi. Ziko kwa katibu, utie sahihi unapochukua na unaporudisha. Aliyechukua mita Jumatatu ya wiki iliyopita na kuahidi kuirudisha Jumatano, tafadhali airudishe, kuna mtu wa Hola anaingoja.